Barakoa ya vichujio viwili, buti za S3 na kofia ngumu: tathmini ya mtunza stoo baada ya miezi tisa kwenye machimbo ya kokoto

Mimi ni mtunza stoo katika machimbo ya kokoto upande wa Lugoba, mkoani Pwani. Kila kifaa cha kujikinga kinachovaliwa na wafanyakazi wetu huanzia mezani kwangu, na hurudi mezani kwangu kikiwa kimechakaa, kimepasuka au kimebaki nusu. Muuzaji hukiona kikiwa kipya ndani ya boksi na meneja hukiona kwenye ankara, lakini mtu wa stoo hukiona baada ya wiki sita, kikiwa na jasho, vumbi na alama za mawe. Kwa sababu hiyo nimeona niandike tathmini ya seti tuliyoinunua mwezi Machi kwa ajili ya watu 24, nikiamini kwamba wapo wasimamizi na watunza stoo wengine wanaotaka kununua vitu hivi na hawajui waulize nini dukani.

Seti yenyewe ilikuwa na barakoa ya mpira yenye vichujio viwili vya daraja la P3, buti za usalama za daraja la S3, kofia ngumu, miwani ya kukinga macho, vizibo vya masikio, glavu na rifleta, zile fulana zinazong'aa. Mazingira yaliyoipokea si ya upole. Mwamba wetu ni mgumu na una kwatzi nyingi, zile chembe nyeupe zinazong'aa kama vipande vya chupa ukizigeuza juani. Tunatoboa, tunalipua kwa baruti, tunapasua mawe makubwa, tunayaingiza kwenye krasha, yaani mashine ya kusaga mawe, kisha kokoto hupanda kwenye mikanda hadi kwenye marundo, na tipa huja kupakia. Katika kila hatua kuna kitu kinachoweza kumuumiza mtu, na katika hatua karibu zote kuna vumbi.

Nianze na barakoa, kwa kuwa ndiyo iliyonishughulisha kuliko vifaa vingine vyote. Kabla ya Machi tulikuwa tukigawa barakoa nyepesi za bluu, zile za hospitalini, na wafanyakazi walizivaa kwa nidhamu kabisa. Jioni mtu alipoivua, ungeona mistari miwili ya kijivu ikishuka kutoka kwenye pembe za macho hadi mashavuni, pande zote mbili za pua. Mistari hiyo ilikuwa njia ya hewa. Vumbi lilikuwa likipita pembeni siku nzima huku mvaaji akiamini kwamba amejikinga, na mimi niliyemgawia nikiamini hivyo hivyo. Barakoa ya aina ile imetengenezwa kuzuia matone ya mate, haikutengenezwa kwa ajili ya vumbi la mawe.

Vumbi linaloharibu mapafu ni lile usiloliona. Wingu jeupe linaloinuka krasha inapopokea jiwe linatisha, lakini sehemu kubwa ya wingu hilo hunaswa puani na kooni na hutoka kwa kikohozi au kamasi. Chembe zinazoshuka hadi mwisho wa mapafu ni zile ndogo kuliko sehemu 5 za elfu moja ya milimita, ambapo unywele wa binadamu una unene unaokaribia sehemu 70. Chembe hizo za silika, yaani vumbi la ile kwatzi ya mwamba wetu, zikishafika huko hazitoki. Mapafu hujaribu kuzizungushia kovu, na kovu likiongezeka pumzi hupungua. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka kumi au zaidi ya kazi, ingawa vumbi likiwa zito sana unaweza kuja mapema zaidi. Mwenye silikosisi pia hupata kifua kikuu kwa urahisi kuliko mtu mwingine, na ndiyo maana hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, ambayo kwa miaka mingi imejulikana kwa kutibu kifua kikuu, imekuwa ikiwashughulikia pia wachimbaji wa tanzaniti wa Mirerani. Marekani, kwa kanuni iliyotungwa mwaka 2016, waliweka kikomo cha mikrogramu 50 za silika katika mita moja ya ujazo ya hewa kwa zamu ya saa 8. Ukitaka kuelewa udogo wa kiasi hicho, fikiria punje chache za chumvi zilizosagwa zikawa unga na kutawanywa katika hewa ya chumba kizima.

Barakoa tuliyonunua iligharimu shilingi 62,000 pamoja na jozi moja ya vichujio, na jozi ya akiba ni shilingi 27,000. Sehemu ya uso ni ya mpira laini, ina mikanda miwili ya kichwa, na ina vali ya kutolea pumzi chini ya pua. Kichujio cha P3 kinatakiwa kunasa asilimia 99.95 ya chembe zinazotumika kukipima, wakati barakoa ya kutumia mara moja ya daraja la FFP2 inatakiwa kunasa asilimia 94. Namba hiyo kubwa isimdanganye mnunuzi, kwa sababu ni sifa ya kichujio na haisemi lolote kuhusu uso wa mvaaji. Taratibu za usalama kazini za Marekani huhesabu kwamba barakoa ya nusu uso iliyokaa vizuri hupunguza vumbi analovuta mtu mara kumi tu, kwa kuwa wanajua kwamba nyuso hutofautiana, jasho hutoka, na mtu huongea na kugeuza shingo.

Kwa hiyo siku ya kugawa sikumpa mtu barakoa mkononi na kumwacha aende zake. Kila mmoja aliivaa mbele yangu, akaziba vichujio vyote viwili kwa viganja, kisha akavuta pumzi. Kama imekaa sawa, mpira hubonyea kuelekea usoni na hubaki umebonyea kwa sekunde kama kumi. Kama hewa inaingia, utaisikia baridi kwenye shavu au karibu na jicho. Kati ya watu 24, sita ilibidi tuwabadilishie saizi, na hapo ndipo nilipotambua kosa langu la kuagiza saizi ya kati peke yake. Duka lilikubali kubadilisha, lakini vijana hao sita walikaa siku tisa wakisubiri, na siku tisa kwenye krasha si chache.

Jambo gumu zaidi lilikuwa ndevu. Mpira haushiki juu ya ndevu, hata zile za siku mbili tatu zinazokwaruza kiganja. Wengi walikubali kunyoa. Wafanyakazi wawili wanafuga ndevu kwa ajili ya dini yao, na sikuona kwamba ni haki kumlazimisha mtu achague kati ya sunna na mapafu yake. Tulikaa na mnyapara tukakubaliana wahamishiwe kwenye upakiaji, mahali ambapo kokoto huwa zimekwisha kulowa. Zipo kofia zenye feni inayosukuma hewa safi usoni, ambazo hazihitaji mpira kushika ngozi, ila bei yake ni kubwa kiasi kwamba ombi langu lilirudi bila sahihi. Bado naliweka ombi hilo kwenye orodha ya kila robo mwaka.

Mwezi Mei nilipata fundisho lingine. Niliwakuta vijana wawili nyuma ya kompresa, wamevua vichujio na wanavipuliza kwa upepo wa mpira, kwa nia njema kabisa ya kuvisafisha ili vidumu. Niliporudi stoo nilichukua kimoja cha hivyo vilivyopulizwa, nikachukua na kingine kilichotumika wiki tatu bila kupulizwa, nikavipasua vyote viwili kwa wembe juu ya gazeti. Kile ambacho hakikupulizwa kilikuwa na rangi ya saruji kwenye tabaka la nje, kijivu hafifu katikati, na upande wa ndani, ule unaoelekea mdomoni, kilikuwa cheupe kama kilivyotoka kiwandani. Kilichopulizwa kilikuwa na michirizi ya kijivu iliyopenya hadi upande wa ndani. Upepo wa kompresa ulikuwa umechana nyuzi na kulisukuma vumbi kule kule tulikotaka lisifike. Nusu za vichujio hivyo viwili nimeziweka kwenye mfuko wa plastiki na kuzitundika dirishani mwa stoo, na tangu siku hiyo sijaona mtu akipuliza kichujio. Kupuliza nguo kwa kompresa mwisho wa zamu kumekuwa kugumu zaidi kukomesha, ingawa madhara yake ni yale yale, kwani vumbi lililotulia kwenye kitambaa hurudi hewani usawa wa pua.

Kwa matunzo, mpira na vali huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, halafu huanikwa kivulini. Vali ndiyo ya kuangaliwa sana: jasho na vumbi hufanya gundi nyembamba pembeni mwake, nayo hubaki wazi kidogo bila mtu kujua. Tatu kati ya barakoa zetu zilikuwa na tatizo hilo katika mwezi wa tatu wa matumizi, na zilipona kwa kuoshwa tu. Kichujio hakioshwi kamwe, hubadilishwa pumzi inapoanza kuwa nzito. Kwa walio kwenye krasha hilo hutokea kila baada ya wiki tatu hivi, na kwa wapakiaji jozi moja imefika wiki saba. Zaidi ya hapo, barakoa isitundikwe kwenye msumari karibu na mashine. Ukiitundika kikombe kikitazama juu, hujaa vumbi kama bakuli, na asubuhi mtu huvaa vumbi la jana. Nilinunua mifuko ya plastiki yenye zipu, kila mtu na wake wenye jina lake.

Hukumu yangu juu ya barakoa ni kwamba inastahili bei yake, kwa masharti mawili. Sharti la kwanza ni kununua vichujio vya akiba siku ile ile, maana barakoa yenye kichujio kilichoziba huishia shingoni. Sharti la pili ni maji. Mwezi Juni tulifunga vinyunyizio vinne vidogo juu ya mdomo wa krasha na mahali kokoto zinapodondokea kutoka kwenye mkanda, kwa mabomba ya kawaida na tangi la lita 5,000. Wingu lililokuwa likionekana kutoka barabarani lilishuka hadi usawa wa magoti, na vichujio vilianza kudumu karibu mara mbili. Kama fedha zingetosha kitu kimoja tu, ningenunua tangi na mabomba kabla ya barakoa, kwa kuwa maji humkinga hata mpita njia asiye na barakoa, pamoja na akina mama wanaokaa ng'ambo ya barabara wakiponda mawe kwa nyundo.

Akina mama hao si waajiriwa wetu, lakini siwezi kuandika juu ya miwani bila kuwataja. Wao huweka jiwe ndani ya duara la mpira uliokatwa kutoka kwenye tairi ili vipande visiruke, na duara hilo huzuia mengi yanayoruka chini chini, lakini haliwezi kuzuia kinachoruka juu. Mmoja wao aliingiwa na kipande cha jiwe jichoni mwaka jana na sasa huona ukungu tu upande huo. Miwani tuliyonunua ni ile inayofunika jicho pande zote, yenye alama ya EN 166, kiwango cha Ulaya cha vikinga macho, kwa shilingi 9,500. Niliwapelekea sita kwa ruhusa ya meneja, na walizirudisha baada ya wiki mbili kwa heshima kubwa wakisema hawaoni jiwe. Walikuwa wakweli. Katika joto la mchana miwani hiyo hujaa mvuke ndani ya dakika kumi, mtu huivuta juu ya paji la uso ili aifute, na dakika hiyo ndiyo jiwe linayosubiri. Miwani ya waya wa wavu mdogo haishiki mvuke, na kwa kazi ya nyundo ndiyo niliyowanunulia badala yake, ingawa haizuii vumbi na hakuna anayepaswa kuitumia kwenye mashine. Kwa hiyo miwani ya seti hii naipa alama za chini. Ni imara kweli, jiwe halikuipasua hata mara moja, ila kifaa ambacho mtu hulazimika kukivua kila baada ya dakika kumi kina kasoro kubwa.

Buti ni habari tofauti. Tulilipa shilingi 88,000 kwa jozi, na wapo walionilaumu kwa sababu duka jingine lilikuwa na buti za shilingi 35,000 zinazofanana nazo kwa macho. Za namna hiyo tuliwahi kuzinunua mwaka uliopita, na soli zilianza kuachana na ngozi baada ya wiki sita; chuma cha mbele cha moja kilikuwa chembamba kiasi cha kubonyea nilipokipiga kwa nyundo ndogo. Buti ya kiwango cha EN ISO 20345 inatakiwa kuvumilia pigo la jouli 200 kwenye vidole, sawa na jiwe la kilo 20 likianguka kutoka urefu wa mita moja, na ile ya daraja la S3 huongezewa kinga chini ya wayo ili msumari au ncha ya chuma isipenye. Alama hizo ziwe zimechapwa kwenye ulimi wa buti au kwenye ngozi, pamoja na namba ya saizi na tarehe ya kutengenezwa. Zikiwa kwenye boksi tu, na ndani ya buti hakuna kitu, ziache.

Mwezi Agosti jiwe liliteleza kutoka kwenye ukingo wa mkanda likamwangukia kijana wetu mmoja mguuni. Sikulipima, lakini ilibidi watu wawili walisukume kwa mtarimbo. Alipoletwa stoo alikuwa akitetemeka, na ilibidi nikate kamba kwa kisu ili tuvue buti. Ngozi ya mbele ilikuwa imefunguka kama ganda la ndizi, chuma kimeonekana, kina mkwaruzo mrefu na bonde dogo linaloenea ncha ya kidole gumba. Mguu wenyewe ulikuwa mzima. Ukucha mmoja uligeuka mweusi na ukang'oka baadaye. Alipumzika siku nne akarudi, na siku aliyorudi aliomba buti ile ile, akisema imembariki. Nilimkatalia na kumpa jozi mpya, kwa sababu chuma kilichokwisha kubonyea hakina tena nafasi ya kupokea pigo la pili. Vivyo hivyo kwa kofia: ikipigwa mara moja, hata kama haina ufa unaoonekana, kazi yake imekwisha.

Kofia tulizonunua zina alama ya EN 397, kipimo ambacho uzito wa kilo 5 hudondoshwa juu ya kofia kutoka mita moja na nguvu inayofika kichwani hupimwa. Bei ilikuwa shilingi 18,000. Ni nzuri, nyepesi, na utepe wa ndani unabadilishwa. Kasoro yake ni mkanda wa kidevu, unaouzwa peke yake kwa shilingi 3,000, na bila mkanda huo kofia hutangulia chini mtu anapoinama kwenye ukingo. Kwa bahati mbaya tulisahau kuiagiza mikanda hiyo na tukalazimika kurudi Dar es Salaam. Chini ya ukingo wa mbele kuna duara dogo lenye mwaka na mshale unaoonyesha mwezi. Usome kabla ya kulipa, kwa maana jua huifanya plastiki ikauke na kuwa rahisi kupasuka. Niliona pia kwamba vijana watatu walitoboa matundu juu ya kofia zao kwa msumari wa moto ili kupata hewa. Kofia hizo nilizikata vipande viwili mbele yao ili zisirudi kazini kwa njia yoyote, kisha nikaomba meneja asiwakate mshahara, kwa kuwa joto walilolalamikia ni la kweli na sisi ndio hatukuwa tumeweka kivuli cha kupumzikia.

Ni muhimu mnunuzi ajue mipaka ya vitu hivi. Mwezi Machi 2008 maji ya mvua yaliingia kwenye mashimo ya Mirerani na kuua makumi ya wachimbaji. Mwaka 2015 huko Nyangalata, wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mwezi Januari 2024 kifusi kiliwaua watu 22 kwenye machimbo ya dhahabu mkoani Simiyu, wakati wa mvua kubwa. Hakuna kofia ya shilingi 18,000, wala ya laki moja, inayomsaidia mtu aliyeangukiwa na ukuta wa udongo. Kwetu sisi wa machimbo ya wazi, kinga ya kifusi ni kuukata mwamba kwa ngazi badala ya ukuta mmoja mrefu, kuangusha mawe yaliyolegea kwa mtarimbo kutokea juu kila baada ya mlipuko na kila baada ya mvua, na kutomruhusu mtu kukaa chini ya ukuta kwa ajili ya kivuli. Hilo la mwisho ndilo gumu zaidi saa saba mchana.

Glavu za seti hii ni za ngozi, ngumu, nzuri kwa kubeba mawe na kushika kamba za chuma. Ninaziandika kwa uzito, kwa sababu glavu hizo hizo zilitufanyia ubaya. Mwezi Julai mfanyakazi wetu alikuwa akisafisha kokoto zilizokwama kwenye rola ya nyuma ya mkanda, mkanda ukitembea. Rola ilishika ncha ya glavu, glavu ikavuta mkono, naye alipoteza ncha za vidole viwili kabla mwenzake hajafika kwenye swichi. Mkono mtupu ungeweza kuchubuka tu, au ungeweza kuumia vibaya zaidi, sijui; ninachokijua ni kwamba mashine inayozunguka haikaribiwi kwa glavu, wala kwa rifleta inayopepea, wala kwa kitenge kilichofungwa kiunoni. Tena haisafishwi ikiwa inatembea. Baada ya ajali hiyo rola zote zilifungiwa kinga za wavu wa chuma, kamba ya kuzimia ikavutwa pembeni mwa mkanda mzima ili mtu aivute popote alipo, na swichi kuu ikawekewa kufuli ambayo funguo wake hubaki mfukoni mwa anayesafisha. Fundi wa kuchomelea aliimaliza kazi hiyo kwa siku mbili. Ingefanyika mwezi Machi, pamoja na ununuzi huu, kijana yule angekuwa na vidole vyake. Mimi pia nilikuwa kwenye kikao cha ununuzi na sikuuliza habari za kinga ya rola.

Kilichomsaidia ni kwamba jina lake lilikuwa kwenye orodha ya malipo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015 chini ya sheria ya mwaka 2008, hulipia matibabu ya aliyeumia kazini na humlipa fidia kwa ulemavu uliobaki, na mchango wake hutolewa na mwajiri peke yake, mshahara wa mfanyakazi haukatwi hata senti. Magonjwa yanayotokana na kazi, silikosisi ikiwemo, nayo yamo. Shida iko kwa vibarua wa kutwa ambao wengi huandikwa kwenye daftari la mnyapara tu. Naye kibarua anayelipwa jioni anastahili kofia, buti na jina kwenye orodha. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, kwa hiyo popote ambapo mfanyakazi anakatwa bei ya buti kwenye mshahara wake, anakatwa isivyo halali.

Vizibo vya masikio ni vile vya sponji vya kubana kwa vidole na kuingiza sikioni; vinafanya kazi vikiingizwa kwa mikono safi, na kwenye machimbo mikono safi ni nadra, kwa hiyo oda ijayo nitanunua vya kufunika sikio lote. Rifleta zilikuja kubwa mno, nimezipeleka kwa fundi cherehani zikapunguzwa pembeni.

Kuhusu duka lenyewe, liko Gerezani, Dar es Salaam, na huduma yake niliipenda kwa sehemu kubwa. Muuzaji aliniruhusu kufungua boksi na kuijaribu barakoa usoni, alinionyesha alama ya CE ikifuatiwa na namba ya tarakimu nne, ambayo kwa vifaa vya kulinda pumzi kutoka Ulaya ni lazima iwepo, na alitoa risiti ya mashine bila kuombwa mara mbili. Buti jozi mbili zilizokuja na mshono mbovu alizibadilisha siku hiyo hiyo. Jambo moja lilinisikitisha. Nilipouliza kama barakoa za karatasi za FFP2 zinaweza kufuliwa na kutumika tena, alinijibu kwa uhakika, "Zinafulika dada, hata mara tano." Hazifuliki. Maji na sabuni huharibu chaji ya nyuzi inayonasa chembe ndogo, na mtu hubaki na kitambaa kisafi kisichochuja. Nilimweleza, akasikiliza, akaandika kwenye karatasi aliyoibandika ukutani. Nimerudi mara mbili tangu wakati huo na karatasi bado ipo.

Mzee mmoja ambaye sote tunamwita Babu ameponda mawe tangu kabla sijazaliwa, na siku ya kugawa barakoa alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Alivaa, akaziba vichujio, akavuta pumzi, na mpira haukubonyea. Nilidhani ni saizi. Tukajaribu kubwa, tukajaribu ndogo, ikawa vile vile, hadi nilipoelewa kwamba mpira ulikuwa umekaa sawa na pumzi yake ndiyo ilikuwa haitoshi kuuvuta. Tulimpeleka hospitali kupigwa picha ya kifua, na sasa anakaa getini kuhesabu tipa. Oda ya Januari nimeshaiandika: jozi 60 za vichujio, saizi tatu za barakoa, mikanda 24 ya kidevu, vinyunyizio vinane vya nyongeza, na ombi la vipimo vya mapafu kwa kila mtu, akiwemo kila kibarua aliyefanya kazi nasi zaidi ya mwezi mmoja.